Njia za kati za Bagamoyo Road kupewa mwendokasi: haki au tunaumizwa?

Mwana Bunju
Wakuu, tujadili kwa hoja. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka ya Dar, awamu ya nne inachukua katikati ya barabara toka mjini, kituo cha Morocco, Mwenge hadi Tegeta. Mimi naunga mkono na nasema umechelewa. Kimara wanapanda toka 2016. Tawi la Barabara ya Kawawa limeishia Morocco, unashushwa pale unaanza kugombania daladala ya Tegeta mlango ukiwa tayari umefungwa na watu. Basi moja lile refu linabeba zaidi ya watu 100. Anayepinga aseme anapinga nini.

Fundi Salasala
Napinga, tena sana. Mwenge–Tegeta imepanuliwa kwa msaada wa Japani, ikazinduliwa 2014. Mwaka uliofuata Magufuli akafuta sherehe za Uhuru, bilioni 4 zikaelekezwa kupanua Morocco–Mwenge, kilomita 4.3. Lami ile watu wameisifia nchi nzima. Leo tunaifukua! Kwa nini haikupangwa yote kwa pamoja tangu mwanzo? Mimi natembea na ngazi na roli za waya, basi gani litanibeba? Na tusidanganyane, Tegeta yalikuwa mashamba. Mtu kahamia mwenyewe akijua ni mbali, asitake mji mzima umfuate.

Mama Boko
Mashamba? Kaka, una adabu kweli? Kiwanda cha saruji pale Wazo kinafanya kazi toka 1966. Dar yote mnayojivunia, maghorofa ya Posta na Kariakoo, saruji yake imepita kwenye barabara hii na vumbi lake tumelivuta sisi. Baba yangu amepakia mifuko pale mpaka kifua kikaharibika. Halafu unakuja kutuita wa shamba.

Fundi Salasala
Sikumtukana mtu, dada. Nimesema mashamba, na shamba si tusi. Nenda kaulize bei ya kiwanja Tegeta miaka ya tisini.

Mama Boko
Umesema asitake mji umfuate. Hilo ndilo lililonichoma, bei ya kiwanja baki nayo.

Mzee wa Mikocheni
Vijana, mnapigana juu ya barabara ambayo si Barabara ya Bagamoyo yenyewe. Ya asili ni hii yetu, inatoka Morocco inapita Mikocheni inakwenda Kawe. Hiyo ya Mwenge ndiyo iliitwa mpya. Yetu wakaibandika jina la Mwai Kibaki, na ile ya toka mjini kupita Daraja la Selander wakampa Mzee Mwinyi. Siwakatai marais, wote nawaheshimu. Ila mtoto wa leo anapita Selander hajui kwamba anakanyaga njia ya Bagamoyo.

Mzaramo wa Pwani
Shikamoo mzee. Lakini hapo mnatupokonya historia. Bagamoyo ilikuwa mji wa misafara wakati Dar bado inajitafuta, na Wajerumani walikuwa na makao yao makuu Bagamoyo hadi 1891 walipohamia Dar. Wapagazi walitoka Tabora na Ujiji na pembe za ndovu mgongoni, wakafikia kwetu. Hawakupita Mikocheni wala Kawe. Hiyo njia yenu ni ya Dar kuja Bagamoyo. Njia kubwa ya Bagamoyo ilielekea bara.

Mzee wa Mikocheni
Marahaba. Nani kazungumzia wapagazi? Nazungumzia magari. Usome kwanza kilichoandikwa.

Mzaramo wa Pwani
Nimesoma, mzee wangu. Umesema asili. Asili haianzi na gari.

Mwana Bunju
Jamani, mada ni mwendokasi! Anayetaka historia afungue uzi wake.

Dereva wa Fuso
Kwa hiyo historia haina maana? Ungeijua usingeshangilia. Toka lami ya Bagamoyo–Msata ikamilike, gari za Tanga na Moshi zinaweza kukwepa Chalinze zikapita huku. Hii siyo barabara ya mtaa tena, ni njia kuu ya kaskazini. Unamwekea lori la tani 30 mabasi katikati na bajaji pembeni, yeye apite wapi? Daraja la Tanzanite limefunguliwa 2022, sawa, limewasaidia wa Oysterbay na Masaki. Huku Tegeta Kibaoni lori bado linabanana na mama ntilie.

Mama Boko
Na wanaovuka kwa miguu? Kila mmoja hapa anaongelea magari. Jioni simama pale Mtongani. Watoto wa shule wanashikana mikono foleni nzima, daladala ya kwanza inasimama, wanaingia barabarani, bodaboda inachomoka ubavuni mwa hiyo daladala bila hata kupunguza mwendo. Mkubwa wao anawarudisha nyuma kwa mabega. Mkiongeza njia mbili za mabasi, mtoto wa darasa la pili atavuka njia ngapi? Mimi nataka mwendokasi, tena leo. Lakini waweke taa na vivuko kabla basi la kwanza halijapita. Tukisubiri madaraja ya juu yatakuja tumeshazika.

Fundi Salasala
Hapo sasa unaongea hoja yangu. Wasipanue kwa mafungu.

Mama Boko
Si hoja yako hata kidogo. Wewe unataka njia za gari zibaki zilivyo, mimi nataka mtoto afike ng'ambo.

Mwana Bunju
Dada, ya vivuko naisaini hata sasa hivi. Wanaopinga mabasi bado hawajasema mtu wa Boko asiye na gari afikeje Posta.

Mzee wa Mikocheni
Vivuko viwekwe, na Kawe pia mtukumbuke. Lakini huyu kijana wa Pwani ajibu, asinikimbie: kabla ile ya Mwenge haijakuwepo, gari la Bagamoyo lilipita wapi?