Mrejesho: sambaza (samaki wadogo) wa video sasa wanapimika

Aksanti sana wote. Niliwauliza kwa nini sambaza ninaowarekodi ndani ya Ziwa Kivu, hapa Bukavu, wanatoka wakubwa kuliko walivyo, na kama naweza kuwapima bila kalibresheni ya kamera, yaani kuirekebisha kwanza kwa vipimo vinavyojulikana.

Aliyesema ni kioo bapa cha kasha linalokinga kamera na maji alipatia. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani unapinda, kitu kinaonekana kikubwa kwa karibu theluthi. Nami nilitumia vipimo vya nchi kavu!

Sasa nimefunga rula kwenye fito mbele ya lenzi, napima samaki anayepita sambamba nayo tu. Nilianza na sambaza mfu niliyemfunga kwa uzi, tumbo likimeta kando ya alama: milimita 92 kwenye picha, 91 mkononi. Nilifurahi mno! Pembeni mwa picha rula bado inajikunja, hapo sipimi.