Msaada: modeli yangu ya moto wa msituni inatoa kizingiti tofauti kila nikiiendesha

Binti_Kibosho (Moshi)
Habari za jioni wakuu. Nasoma uzamili wa fizikia. Tasnifu yangu ni kuenea kwa moto kwenye vichaka vya Kilimanjaro, kule juu ya msitu kulikoungua Oktoba 2020. Nimeanza na kitu chepesi: gridi ya 50 kwa 50, kila mraba una kichaka kwa uwezekano p, vinginevyo ni mtupu. Nawasha safu ya chini, moto unarukia majirani wanne tu. Naongeza p kidogo kidogo mpaka moto ufike juu.

Vitabu vinasema kizingiti, yaani p ambayo moto unaanza kuvuka hadi juu, ni 0.5927. Mimi napata 0.57, nikibadilisha mbegu ya namba nasibu (namba ya kuanzia inayoamua vichaka viangukie wapi) inakuwa 0.62. Msimamizi kasema programu ina kasoro. Nimeikagua mstari kwa mstari, sioni kitu. Tena anataka niweke upepo na mteremko kabla mwezi haujaisha. Nifanyeje?

Mti_Mkavu (Arusha)
Dada, weka upepo. Moto wa 2020 ulisumbua kwa sababu ya upepo na ukavu, sasa modeli isiyo na upepo utamweleza nani pale Marangu? Hizo desimali waachie wenye muda.

Nyanda_za_Juu
Nimevuta kigoda, karanga ninazo.

Fundi_Namba (Arusha)
Mti_Mkavu, hapana. Akiweka upepo leo, kesho jibu likiyumba hatajua ni upepo, mteremko au programu.

Mdogo wangu, hizo namba zako ni za afya kabisa. 0.5927 ni ya gridi isiyo na mwisho. Kwenye gridi yenye upande L, upana wa eneo la kuyumba unapungua kama L kwa kipeo cha –3/4. Kwa L = 50 hiyo ni karibu 0.05, na wewe umetofautiana kwa 0.05. Ukiongeza upande mara kumi, kuyumba kunapungua mara tano na ushee, lakini miraba inakuwa mara mia, kwa hiyo kompyuta itaunguruma.

Na programu isingekuwa sawa ungeona dalili. Ungekuwa umehesabu majirani wa mshazari bila kujua, ungeangukia karibu na 0.41. Mwonyeshe msimamizi jaribio hili: weka p = 1, safu ya chini ikiwa hatua ya 0, moto lazima ufike juu hatua ya 49 kamili. Ukifika ya 48 au 50, hapo ndipo mtafute kosa.

Halafu acha kutafuta p moja. Chagua p, endesha mara nyingi kwa mbegu tofauti, andika ni sehemu gani ya majaribio moto ulivuka. Chora mkunjo wa L = 50, wa 100, wa 200. Itakatana karibu na 0.59, kwenye urefu wa takriban nusu. Pale kwenye kizingiti, moto kuvuka ni kama kurusha shilingi, gridi iwe ndogo au kubwa.

Mama_Ukungu (Moshi)
Mimi ni wa ikolojia, fizikia nawaachia. Usiishie kwenye kuvuka tu. Mtafiti wa mimea ya Kilimanjaro, Andreas Hemp, aliandika 2005 kwamba moto umeathiri maji ya mlima huu kuliko kuyeyuka kwa barafu, maana msitu wa juu ndio unaonasa maji ya ukungu. Pima pia eneo lililoungua, hilo ndilo watu wa hifadhi watakuuliza.

Binti_Kibosho
Asanteni sana wakuu. Jaribio la p = 1 limetoka 49. Kuna kitu kingine: karibu na 0.59 moto unachukua muda mrefu mno kuzimika, kuliko hata kwenye 0.8. Nilidhani kompyuta imeganda.

Fundi_Namba (Arusha)
Haijaganda. Pale njia ya moto inapinda na kurudi nyuma, kwa hiyo hatua zinaongezeka. Chora muda wa kuzimika dhidi ya p, kilele kitakuonyesha kizingiti kwa njia ya pili. Hiyo ni sura nzima ya tasnifu. Upepo uje baada yake: moto kurukia jirani wa upande mmoja kwa uwezekano mkubwa zaidi, kigezo kimoja tu.

Mti_Mkavu (Arusha)
Mimi bado nasema mteremko uwepo. Moto kupanda mlima na moto kushuka si moto mmoja.

Fundi_Namba (Arusha)
Hapo umesema kweli. Sura ya nne.