Walioshuka uzito kisha ukawarudia, mlianzaje tena? Tupeane uzoefu

Bi Ngazi (Mkomani, Lamu)

Assalaam aleikum wenzangu. Nina miaka 43, naishi nyumba ya kale ya mawe, ghorofa mbili, na ngazi za nyumba hizi wanaozijua wanazijua, kila kidato kama unapanda punda. Mwaka 2022 nilikuwa kilo 94. Mimi na jirani yangu tukashika njia ya Shela, tukimaliza kusali alfajiri tunatoka, karibu kilomita tatu, kurudi kwa miguu au kwa boti siku ya uvivu. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakijaa ile njia ya ufuoni humezwa, basi tukawa tunafuatilia kujaa na kupwa kuliko wavuvi. Nikashuka hadi 78.

Kisha jirani akahamia Mombasa. Mama akaugua, nikawa nalala hospitali na kula nilichokiona. Ikaingia Ramadhani, na futari za kwetu hamna haja ya kuelezwa: kaimati, tambi, mkate wa sinia, vyote kwenye sinia moja na wewe una njaa ya siku nzima. Mara ya mwisho kujipima nilikuwa 97.

Aliyenifichulia si mizani. Mizani nimeifunika leso chini ya kitanda, mwaka sasa. Dera halisemi, buibui ndiyo kabisa. Zilizosema ni ngazi. Juzi nilisimama kidato cha tisa nikajifanya natafuta simu mkobani, na wala hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Orodha za vyakula sitaki. Ninazo, nishawahi hata kuwagawia watu. Nataka mniambie ile siku mliyoanza tena. Mara ya kwanza ina raha yake, kila mtu anakusifu. Naulizia mara ya pili, ambapo baba watoto ashanitolea methali kabla sijafunga viatu: "Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Tuktuk ya Kijani (Malindi)

Dada yangu pole. Mimi kazi yangu ni kukaa, halafu nikichoka kukaa napumzika kwa kukaa. Nilifika 108, nikashuka hadi 90 kwa mpira wa jioni na wazee wenzangu. Goti likaumia, nikasema napumzika wiki mbili. Zile wiki mbili zilichukua miaka miwili na kunirudishia kilo 20.

Kuanza tena nimeanza mara nne, nahesabu na ile ya viatu. Nilinunua viatu vya kukimbilia 2,800, nikiamini mtu aliyetoa 2,800 atakimbia tu. Sasa hivi anavivaa kijana wangu.

Kosa langu lilikuwa kungojea hamu. Ile mara ya kwanza niliamka na hamu, nikadhani ndivyo mambo yanavyoanza. Mara hii hamu haikuja, kila Jumatatu naiangalia mlangoni. Kilichonitoa ni foleni ya stendi. Siku moja mbele yangu kulikuwa na tuktuk saba, joto limeshika, nikateremka tu kunyoosha goti, nikatembea hadi ya kwanza na kurudi. Nikafanya tena. Kufika zamu yangu nilikuwa nimekwenda na kurudi mara sita. Kesho yake vijana wakanipa jina, "askari wa doria". Hilo jina ndilo lililonisaidia, maana siku nikikaa wananiuliza, "Afande, leo hakuna doria?"

Jioni ya Ijumaa naegesha Silversands natembea ufuoni mpaka mnara wa Vasco da Gama na kurudi. Soda nilikuwa nakunywa tatu kwa siku. Nilipopimwa sukari nikaambiwa chupa moja ya nusu lita ina sukari karibu vijiko 13 vya chai. Nikajiuliza nani angenipa chai ya vijiko 13 nikainywa. Sasa ni moja, ya Jumapili.

Nina 101. Sijafika 90 na sijui kama nitafika. Ila goti limenyamaza.

Mtoto wa Barani (Malindi)

Mimi nina la kusema ambalo watu hawalisemi. Uzito mimi sikurudiwa nao kwa bahati mbaya. Niliurudisha.

Nilishuka kilo 15. Nikaenda harusini, nimejipamba, nadhani napendeza. Shangazi wa kwanza: "Unaumwa?" Wa pili: "Mume hakulishi?" Wa tatu hakuuliza, alimnong'oneza wa nne, na nikajua wananong'ona nini, maana mtu akikonda huku kwetu watu wana ugonjwa wao tayari wa kumbandika. Nikala biriani ile sahani mbili mbele ya macho yao. Na nyumbani nikaendelea. Mwaka uliofuata, harusi nyingine, shangazi wale wale: "Mashallah, sasa umenawiri!" Na mimi kupanda jukwaani kumtunza bibi harusi nahema.

Kuanza tena kwangu hakukuwa na kishindo. Nilianza kimya kimya. Mara ya kwanza nilimtangazia kila mtu, hii mara ya pili hata dada yangu hajui (kama unasoma hapa, sasa unajua). Na nimejiwekea jibu. Akiniuliza mtu "mbona umepungua", namwambia "joto la Malindi". Mazungumzo yanahamia kwenye joto.

Mama Mahamri (Langoni, Lamu)

Mimi ndiye adui yenu nyote, nauza mahamri na mbaazi za nazi miaka 12. Nilishuka kilo 11 kisha zikaja 13. Nilikuwa naapa kwamba sili chochote asubuhi, ni "kuonja" tu. Hamri likivunjika silitupi, ni dhambi, linaenda mdomoni. Likitoka jeupe naliangalia limeiva ndani.

Basi asubuhi moja nikaweka bakuli pembeni. Kila ambalo ningelionja nalitia bakulini. Saa mbili nikatazama: mahamri saba na vipande. Nilicheka, kisha nikakaa kimya. Bakuli lile ndilo mwanzo wangu. Halijaondoka, yaliyovunjika yanaingia humo na wanafunzi wanaopita wanapewa bure. Wamenizoea, siku hizi wananiuliza, "Bi, leo hayakuvunjika?"

Nakula mawili, nimekaa, na chai, kama mteja. Kilo sita zimeondoka tangu mwezi wa mfungo sita. Wiki ya Maulidi nilianguka vibaya, wageni wamejaa mji, kazi usiku na mchana, bakuli sikuliona hata lilipo. Wiki iliyofuata nikalisugua nikalirudisha mahali pake.

Chai Bora

Nina majani ya kupunguza tumbo siku saba, asili, hayana madhara. Niandikieni pembeni.

Mama Mahamri

Majani hayo nishayanywa. Nilichopunguza ni usingizi, maana nilikesha chooni. Usiniharibie mazungumzo.

Muuguzi wa Zamu (Malindi)

Mama Mahamri kanimalizia kazi. Mengi ya majani hayo ni ya kuharisha tu. Kinachotoka ni maji, ukinywa maji kinarudi.

Bi Ngazi, nakujibu kama muuguzi kisha kama mtu. Kama muuguzi: kurudi kwa uzito si uthibitisho kwamba wewe mvivu. Mwili ukipoteza mafuta unadhani kuna njaa nchini. Homoni ya kushiba, leptini, inashuka. Ya njaa, ghrelini, inapanda. Watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo yao mwaka 2011: waliwapunguza uzito watu 50, wakawapima tena baada ya mwaka, na homoni zile zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa mwanzo. Mwaka mzima mwili unamwambia mtu "kula". Kwa hiyo mnaposema mara ya pili ni ngumu, hamjidekezi. Na mwili mdogo unatumia nguvu kidogo kuliko ule mkubwa, kwa hiyo sahani iliyokutosha ukiwa 94 ni kubwa mno ukiwa 78, hata kama ni ile ile.

La pili, acheni kuitazama namba ya zamani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, kwa watu waliokuwa karibu kuingia kwenye kisukari, uliwapa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 97, asilimia 7 ni kama kilo saba. Tuktuk, wewe kutoka 110 hadi 101 ushaivuka, na unaongea kana kwamba umefeli.

Tahadhari moja. Anayetumia dawa za kisukari au presha asijifungishe chakula kwa ghafla bila kumwambia daktari, sukari ikishuka sana ni hatari kuliko hizo kilo. Na aliyenenepa haraka bila kubadili kitu aende akapimwe, wakati mwingine ni tezi ya shingoni, kwa baadhi ya kina mama ni sindano ya uzazi wa mpango.

Kama mtu: mimi mwenyewe nilirudisha kilo tisa kwa zamu za usiku. Najua yote niliyoandika hapo juu, nayajua kwa Kiingereza na Kiswahili, na saa nane za usiku bado nilikuwa nakula viazi karai. Kilichonisaidia ni kubeba chakula changu kutoka nyumbani. Basi. Ningetamani niwe na hadithi nzuri zaidi.

Mtoto wa Barani

Muuguzi, ni kweli siku 21 mazoea yanaingia? Mimi nilihesabu hadi 21, siku ya 25 nikaacha, nikaona mimi ndiye mwenye kasoro.

Muuguzi wa Zamu

Huna kasoro, namba ndiyo yenye kasoro. Chuo kimoja cha London kiliwafuatilia watu 96 waliojipangia jambo moja dogo la kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lifanyike lenyewe bila kujisukuma, ila kuna wa siku 18 na kuna waliokadiriwa 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Siku ya 25 ulikuwa bado njiani.

Mzazi wa Pili (Malindi)

254! Afadhali hukuniambia mapema.

Mimi ni uzazi. Wa kwanza nilishuka vizuri. Wa pili, arobaini nilikaa kwa mama mkwe, na mama mkwe wangu anapenda kwa sufuria. Uji, supu, samli, "mzazi hali kidogo mwanangu". Singeweza kukataa, na kusema kweli sikutaka, sijawahi kutunzwa vile maisha yangu. Nikatoka na kilo 18 juu.

Kutoka kwenda kutembea siwezi, wawili wadogo, wa kuwaachia hayupo. Nikawa nalia tu nikitazama picha za zamani. Usiku mmoja jirani wana harusi, ngoma ya chakacha inapigwa, mwanangu mkubwa akaanza kukata kiuno katikati ya chumba kama bibi yake. Nikamfuata, mdogo nimempakata. Jasho lilinitoka ambalo njia ya Shela hailijui, Bi Ngazi nisamehe. Tangu hapo ni kila baada ya isha, nyimbo tatu, mlango umefungwa. Nikitaka kuacha siwezi, mtoto ndiye anayeweka muziki.

Mizani sina. Nina gauni moja la kijani. Limeshapita mabegani.

Fundi wa Jahazi (Matondoni, Lamu)

Nimesoma yote, mjukuu ananisomea. Sisi hatukuwa na mazoezi, tulikuwa na kazi. Mtu anapasua mbao, anachoma mishumari, anasukuma chombo majini, jioni anakula wali wa nazi na samaki hana habari na kilo. Nilipoacha kazi nikaendelea kula kama fundi. Tumbo likanitangulia. Daktari akaniambia presha, nikatembea miezi mitano, likashuka. Akafa mwenzangu tuliyekuwa tukitembea naye. Sikutoka tena mwaka mzima. Viatu navitazama, yeye namuona.

Nililofanya, nilibadili msikiti. Wa karibu ni hatua kama mia. Nikaanza kusali alfajiri ule wa mwisho wa kijiji. Kwenda nimejilazimisha kwa sala, kurudi sina budi, nyumbani ni huku. Siendi kutembea, naenda kusali. Mwenzangu nikamuombea huko huko. Sasa imekuwa na adhuhuri pia.

Wewe Bi Ngazi, jirani yako amehama, hakufa. Mpigie simu.

Bi Ngazi

Ami, maneno yako yalinikalisha chini. Nimempigia. Kumbe na yeye amerudisha zake, alikuwa anaona haya kunitafuta. Tumepatana hivi: yeye atatembea kwao na mimi huku, simu masikioni, saa kumi na moja na nusu. Vifurushi vya simu vitatumaliza lakini haidhuru.

Nimeanza Jumanne. Shela sikufika, niliishia nusu ya njia nikakaa juu ya ukuta, yeye akanisubiri kwenye simu, nikarudi. Jumatano sikutoka. Alhamisi nilitoka. Mizani bado ina leso yake, sina haraka nayo. Baba watoto hajasema kitu, ila leo amka yangu nimekuta chai iko kwenye chupa.

Ami fundi, nimesahau hesabu za maji. Kesho alfajiri njia ya ufuoni itapitika?

Fundi wa Jahazi

Itapitika. Yeo mwezi nane, maji mafu, hayajai sana, na alfajiri yamekupwa. Ila wiki ijayo bamvua, alfajiri yatakuwa yamejaa, basi pita njia ya juu au vua viatu.