Betri za kuchaji kwa rimoti, saa na mashine ya presha: nichukue zipi?

binti_ngamiani
Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga, naishi na mama. Hapa nyumbani vitu vinavyotumia betri havili moto mwingi: saa ya ukutani, rimoti ya TV na ya king'amuzi, redio ndogo ya masafa mafupi, na mashine ya mama ya kupimia presha inayotumia AA nne. Nimechoka na betri za bei rahisi zinazovuja maji hadi springi za rimoti zinaota kutu.

Dukani nikauziwa za kuchaji zilizoandikwa 3800 mAh, yaani kiasi cha moto zinachobeba. Nazijaza vizuri, naziweka kwenye mashine. Mama asipopima kwa wiki mbili tatu, siku akiitaka inaonyesha betri zimeisha. Nitafute zenye namba kubwa zaidi, au tatizo ni chaja?

fundi_redio
Dada, hiyo namba ndiyo inayokuponza. Betri ya AA ya nikeli (NiMH), hata iwe bora vipi, inaishia kwenye 2700 au 2800 hivi. Ukiona 3800 au 4800, huo ni uongo wa kwenye karatasi. Zipime kwenye mzani mdogo: AA halisi ya NiMH ina gramu 26 hadi 30, na nyingi za uongo ni nyepesi mno.

Kwa vifaa ulivyotaja, tafuta betri inayotunza moto ikiwa imekaa tu. NiMH za kizamani zinajimaliza zenyewe bila kutumika, na joto letu la pwani linazidisha. Mwaka 2005 Sanyo walileta Eneloop, ambayo hata baada ya mwaka mzima bado ina sehemu kubwa ya chaji. Siku hizi zinauzwa kwa jina la Panasonic, na kampuni nyingine nazo zina za aina hiyo. Pakiti huandikwa kwamba zimeshachajiwa kiwandani. AA zake ni karibu 2000 mAh, AAA ni 750 hadi 800. Usione namba ndogo ukaziacha. Za 2500 zinafaa flashi ya kamera, tena hazivumilii kuchajiwa mara nyingi kama hizi.

Chaja nayo iwe inayochaji kila betri peke yake na kujikata ikijaa.

Saa ya ukutani iache na alkalaini, zile za kawaida zisizochajiwa. Inakula kidogo sana, moja inamaliza mwaka na zaidi. Hakuna haja ya kufungia betri ya bei pale.

mzee_chumbageni
Fundi mwanangu, hapo kwenye saa sikubaliani nawe. Yangu inatembea na ya kuchaji na haichelewi. Sababu yangu ni moja: alkalaini ukiisahau inavuja na kuharibu mashine ya saa. Hizi za nikeli ni nadra kuvuja.

fundi_redio
Shikamoo mzee. La kuvuja ni kweli, sipingi. Mwenye nazo za ziada aziweke.

kijana_wa_pongwe
Na zile za lithiamu zenye tundu la USB? Zinatoa volti 1.5 kamili, wakati nikeli ni 1.2.

fundi_redio
Volti 1.2 inatosha kwa rimoti na redio nyingi. Mashine ya presha soma kitabu chake kwanza, maana baadhi huwahi kuonyesha alama ya betri kuisha kwa sababu ya hiyo tofauti.

Za USB ndani zina sakiti ya kushusha volti. Sakiti hiyo inakula moto muda wote, hata rimoti ikiwa imelala kochini. Kwenye masafa mafupi inaweza kuleta mlio unaofunika stesheni, kwa hiyo redio ya mama isiwekewe. Halafu nyingi hazitoi dalili: zinabaki 1.5 mpaka mwisho, kisha zinakata ghafla.

binti_ngamiani
Asanteni sana, Mungu awabariki. Swali la mwisho: nikinunua nne mpya za mashine ya presha, naweza kuzichanganya na hizi za zamani?

fundi_redio
Hapana. Iliyochoka itaisha kwanza, na zile nzima zitaendelea kuikamua mpaka iharibike kabisa. Chukua kalamu ya wino mzito, ziandike herufi moja zote nne, zichajiwe pamoja na zitumike pamoja. Na kabla hujalipa, hakikisha pakiti haijafunguliwa.