Je, katikati ya mji wa Mombasa panaweza kurudi kuwa mahali pa kuishi?

Mkaazi wa Kibokoni ameuliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Mombasa. Maduka ya Barabara ya Digo na ya Nkrumah yakishafungwa jioni, watu humiminika kuelekea feri ya Likoni na Daraja la Nyali, na nyuma yao hubaki majengo ya orofa tatu au nne ambayo chini ni duka na juu ni ghala, au ni madirisha yasiyofunguliwa kwa miaka. Wakati huohuo vijana wetu wanapanga Kisauni na Mtwapa, kisha kila asubuhi wanalipa nauli ili warudi kufanya kazi chini ya madirisha hayohayo.

Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya mjini yapakwe rangi nyeupe na buluu. Mji ulipendeza, lakini rangi haileti wakaazi. Iwapo orofa hizo za juu zingegeuzwa nyumba, na viwanja vilivyo wazi vikajengwa, je, mji ungehuika, au tungewafukuza hata wale wachache waliobaki? Na kaunti inapotuita kutoa maoni juu ya mipango ya mji, tuanze na lipi?

Mpangaji wa Majengo:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Tuanze na mpangaji, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuhama thamani ya mtaa inapopanda. Huku kwetu mtaa wa Majengo, ninakopanga chumba, bado ziko nyumba nyingi za Kiswahili, zenye ujia katikati na vyumba pande mbili, ambapo kila chumba kina familia yake. Nyingi zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine: mwenye nyumba anamiliki kuta na paa, na ardhi anailipia kodi. Mwenye ardhi akitaka kujenga orofa, mazungumzo huwa kati yake na mwenye nyumba, na sisi wa vyumbani husikia habari yakiwa yamekwisha.

Sheria nayo haitusaidii sana. Sura ya 296, inayodhibiti kodi za nyumba za kuishi, inamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa zamani mno na ambacho leo wachache mjini wanakilipa. Mwenye duka ana ulinzi wa Sura ya 301, ambayo inamtaka mwenye jengo atoe notisi ya maandishi na inampa mpangaji haki ya kwenda mbele ya baraza la kusikiliza mashauri ya majengo ya biashara. Kwa hiyo katika jengo moja huenda duka la chini likawa na kinga kubwa kuliko familia iliyo juu yake.

Buxton inatufundisha pande zote mbili. Mtaa ule wa zamani wa manispaa ulikuwa na nyumba zipatazo 520, na tangu ubomoaji ulipoanza mwaka 2021 mpango umekuwa kujenga karibu 1,900 mahali palepale. Ongezeko hilo nalipongeza kwa dhati, maana ni familia nyingi zinazoweza kufika masoko ya Mwembe Tayari na Marikiti kwa miguu. Hata hivyo, nyumba ya kuuzwa na nyumba ya kupanga haziwafai watu walewale, na anayelipia chumba kimoja mwezi kwa mwezi hana malipo ya awali ya fleti, hata iitwe ya bei nafuu. Naomba kaunti itenge sehemu ya nyumba mpya ziwe za kupanga, na kiwango cha kodi kiandikwe ndani ya mkataba wa mjenzi kabla msingi haujachimbwa.

Mama wa Duka, Digo:

Nakubaliana na ndugu wa Majengo, na nina neno moja tu. Nafunga mapema kwa sababu wateja wameondoka, nao huondoka mapema kwa sababu sisi tumefunga. Kungekuwa na familia juu ya duka langu, ningeuza maziwa na mkate hadi saa tatu usiku, na msichana anayetoka kazini asingepita peke yake kwenye giza.

Mchora Ramani:

Dada, hayo uliyoyasema ndiyo yaliyoonekana New York, ambako mwaka 1995 serikali ilianza kutoa nafuu ya kodi ya serikali kwa wenye ofisi kuukuu za eneo la Wall Street waliokubali kuzigeuza nyumba. Mtaa uliokuwa ukilala jioni ukapata wakaazi wengi, ingawa nyumba hizo hazikuwa za watu wa kipato cha chini, na kwa hiyo onyo la ndugu wa Majengo linasimama.

Mimi naongeza habari ya kutembea. Mji wa Kale ulijengwa kwa ajili ya mtu wa miguu: vichochoro vyembamba huzuia jua, na mabaraza ya mbele ya nyumba humpa mzee mahali pa kupumzika. Ukitoka hapo ukavuka Digo, njia ya miguu imejaa magari yaliyoegeshwa, na mama mwenye mtoto hulazimika kushuka barabarani kati ya tuktuk na matatu. Wengi huwalaumu wachuuzi, lakini mchuuzi anaweza kupangiwa mstari wake na watu wakapita. Gari lililopandishwa juu ya njia halimwachii mtu nafasi. Jengo jipya lisilazimishwe kuwa na maegesho kwa kila nyumba, kwani gharama hiyo huishia kwenye kodi ya mpangaji asiye na gari. Mji wa Buffalo, Marekani, uliondoa sharti hilo mwaka 2017. Fedha na nafasi zitakazookolewa ziende kwenye miti ya kivuli na mitaro iliyofunikwa.

Maji safi na maji taka yatangulie orofa. Nyumba nyingi za kisiwani bado zinategemea mashimo, na kuweka familia ishirini juu ya shimo lililochimbiwa familia nne ni kuhatarisha afya ya mtaa mzima.

Mkaazi wa Kibokoni:

Nawashukuru nyote. Vipi kuhusu majengo ya wakfu, ambayo kwetu ni mengi na hayawezi kuuzwa?

Mpangaji wa Majengo:

Hayo ndiyo ningeanza nayo, ndugu yangu. Kwa kuwa hayauzwi, hayawezi kuingia kwenye mbio za bei, na kodi yake inarudi kwenye kheri iliyokusudiwa na mwenye kuweka wakfu. Kaunti na Tume ya Wakfu wakikubaliana kutengeneza orofa za juu za majengo machache yaliyo karibu na Marikiti, na kuyapangisha kwa mikataba ya miaka mitano au zaidi, tutapata mfano wetu wenyewe wa kuonyesha katika kikao cha maoni.