Arusha–Mwanza na familia: nikatize Serengeti au nizungukie Singida?

Mkaka wa Sakina
Wakuu, heshima zenu. Nina safari ya Arusha kwenda Mwanza, mdogo wangu anaoa. Nimebaki njia panda: nipite Karatu, Ngorongoro na Serengeti nitokee geti la Ndabaka, au nizungukie Babati, Singida, Nzega, Shinyanga? Kwenye ramani Serengeti ni karibu zaidi, halafu watoto hawajawahi kumwona simba. Ila nasikia mle ndani usiku hakuna ruhusa kutembea. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

Fundi wa Unga Limited
Gari gani? Mwezi gani? Mko wangapi? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Ng'wana Kishapu
Singida. Lami mwanzo mwisho. Ni kama kilomita 800 lakini ukitoka Arusha mapema jioni unakula sato Mwanza. Mambo ya kukimbizana na geti waachie watalii.

Konda Mstaafu
Ng'wana Kishapu usimtishe kijana. Mabasi ya Arusha–Musoma yanapita Serengeti miaka nenda rudi, na abiria wana vikapu na kuku kama kawaida. Siri ni muda tu. Lala Karatu. Geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, linafunguliwa saa 12 asubuhi, uwe pale kabla halijafunguliwa. Naabi, geti la Serengeti, utafika saa 3 hivi, Seronera katikati ya hifadhi kabla ya saa 5, na ukitoka Seronera kufuata ukanda wa magharibi, Ndabaka ni saa 9 alasiri. Hapo umebakiza saa mbili za lami, unaingia Mwanza bado kweupe.

Usijidanganye kwamba ukichelewa utafidia kwa mwendo. Mle ndani ni kilomita 50 kwa saa. Saa 12 jioni mageti yanafungwa, na kuanzia saa 1 usiku gari halitembei ndani ya hifadhi mpaka saa 12 asubuhi. Ukikutwa unazurura hakuna cha "nilikuwa napita tu".

Jambo lingine watu husahau: Ngorongoro na Serengeti ni mamlaka mbili. Hata kama hushuki kreta, Ngorongoro unalipia, ukifika Naabi unalipia tena ya TANAPA, wenye hifadhi za taifa. Pesa mkononi hawapokei, ni kadi au kontroo namba. Zimalize kabla ya kuondoka, usisubiri mtandao pale getini huku foleni ya magari ya utalii iko nyuma yako.

Mkaka wa Sakina
Asante sana mzee wangu. Gari ni Noah. Tunaondoka wiki ya mwisho ya Aprili.

Fundi wa Unga Limited
Noah! Aprili! Ndiyo maana niliuliza.

Ndugu yangu, kutoka Loduare hadi Naabi ni changarawe iliyojikunja kama bati la msauzi, na ina mawe yenye makali. Shokapu za Noah zitalia. Lakini hiyo ni nafuu. Kirawira, kwenye huo ukanda wa magharibi, wakati wa masika ni udongo mweusi, ule Wasukuma wanaita mbuga. Ukilowa, hata Land Cruiser zinavutana. Kama lazima upite, Seronera usifuate magharibi, tokea geti la Ikoma, uende Natta hadi Bunda. Na ubebe matairi mawili ya akiba. Siyo moja.

Mama Tumaini
Hilo la matairi niacheni mimi niliseme.

Tulitoka Bunda kurudi Arusha, mimi, mume wangu, mama mkwe na wanangu. Gari la kukodi na dereva wake, kampuni siitaji. Tulikubaliana saa 11 alfajiri, dereva akaja saa 3, eti alikuwa anatafuta mafuta. Ndabaka tumeingia saa 5 kasoro. Kabla ya Kirawira, pancha. Akafunga tairi la akiba ambalo kashata zake zilikuwa zimeisha, unaona nyuzi. Mume wangu akamwambia tulizibe lile Seronera, akasema hili linatosha. Tumepita Seronera kidogo tu, puu!

Tukakaa pale juani. Mbung'o wakatuvamia. Mama mkwe alikuwa amevaa kitenge cha bluu iliyokoza, wote wakamwona yeye. (Wasiojua: ile mitego ya vitambaa vya bluu na nyeusi inayoning'inizwa kwenye miti hifadhini ni ya kuwanasa hao hao.) Magari yanapita, kila mtu anawahi geti. Jua linazama ndipo askari wa hifadhi wakatukuta, wakasema Naabi leo hamfiki, wakatupeleka kambi ya Pimbi.

Pimbi haina uzio. Hatuna hema, hatuna blanketi. Kuna jiko limezungushiwa nyavu za chuma, wapishi wa watalii wakatupa chai na mkate, Mungu awabariki. Tukalala ndani ya gari. Saa 8 usiku mama mkwe akabanwa. Choo unakiona kwa tochi, hatua chache tu, na fisi unawasikia upande ule ule. Yaliyofuata sitayaandika humu, ila mpaka leo tukikutana kwenye misiba ananiuliza, "Lile ndoo ulilitupa?"

Asubuhi tumelipia kambi, na kibali kilikuwa kimepitiliza, tukalipia tena. Kampuni haikurudisha hata shilingi.

Ng'wana Kishapu
Nilisema nini? Singida.

Mluguru Asili
Mimi sielewi. Mbona hifadhi ya Mikumi tunapita usiku wa manane na hakuna anayetufungia? Tembo ni tembo tu. Na mabasi toka 2023 yanasafiri usiku nchi nzima.

Konda Mstaafu
Mikumi ile ni barabara kuu ya taifa inayokatiza hifadhi, kama kilomita 50, haina geti. Huwezi kuifunga, Zambia na Kongo wanaitegemea. Ndiyo maana wameweka matuta, vibao vya mwendo na orodha ya faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Serengeti ni barabara ya hifadhi yenyewe. Pundamilia akimulikwa na taa anaganda palepale katikati ya njia. Mimi nimeona Mikumi alivyobaki.

Sheria Mkononi
Mngewekewa lami kaskazini mwa Serengeti haya yote yasingekuwepo. Wanaharakati ndio walizuia.

Mama Tumaini
Waliozuia ni Mahakama ya Afrika Mashariki, Juni 2014, na walizuia lami ndani ya hifadhi tu. Na mimi niliyelala na fisi nasema walifanya vizuri. Malori yakianza kupita pale nyumbu watabaki kwenye picha.

Sheria Mkononi
Mwananchi wa Loliondo naye anahitaji barabara, dada. Siyo nyumbu peke yake.

Mkaka wa Sakina
Wakuu turudi kwenye mada. Nilisahau, tutakuwa saba, na mmojawapo ni shemeji yangu, mume wa dada, Mholanzi. Yupo kwa viza ya matembezi.

Fundi wa Unga Limited
Unasahauje Mholanzi?

Konda Mstaafu
Haya, hesabu imebadilika. Sisi wa Afrika Mashariki kiingilio cha mtu mzima ni shilingi 10,000 kabla ya VAT. Yeye ni dola 60 na zaidi kila upande, Ngorongoro kivyake, Serengeti kivyake, na VAT asilimia 18 juu yake. Kuonyesha tu kwamba ni shemeji hakumsaidii getini.

Ng'wana Kishapu
Kwa hela hiyo mnajaza Noah mafuta mpaka Mwanza na chenji ya michango inabaki. SINGIDA.

Binti Iramba
Singida ndiyo, ila msidhani huko hakuna wanyama. Kati ya Makuyuni na Minjingu kuna ushoroba wa Kwakuchinja, wanyama wa Tarangire na Manyara wanavuka lami, hasa usiku. Hakuna geti la kukuzuia, ndiyo ubaya wake. Ng'wana Kishapu anaposema toka mapema, pale mpite kumeshapambazuka. Na mteremko wa Sekenke shukeni kwa gia, siyo kwa breki. Malori yanayoshuka pale unayanusa kabla hujayaona.

Mkaka wa Sakina
Asanteni wote. Nimemsomea mama watoto. Yeye anasema Singida, shemeji anasema Serengeti na atalipa mwenyewe. Watoto wako upande wa shemeji.

Fundi wa Unga Limited
Mwambie shemeji akodi na gari basi. Hiyo Noah ni ya magurudumu mawili au manne?

Mluguru Asili
Samahani kuingilia, kuna aliyepita hifadhi ya Katavi karibuni, Mpanda kwenda Sumbawanga? Nina Passo.