Naomba ushauri: Sheria ya Mirathi kwa Kiswahili chepesi

Hamjambo wapendwa. Niko Kisumu. Kila wiki kwenye chama chetu hapa Kibuye mama mjane haachi kuuliza swali lile lile: mashemeji wanaweza kuuza shamba la marehemu bila mimi?

Najua Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa idhini. Hata kaka mkubwa wa marehemu. Nikiwaambia wajane hivyo wanaitikia kwa kichwa, ila ukimpa mmoja karatasi yenyewe ya Kiingereza, anaikunja anatia kwenye leso. Halafu shemeji anakuja na fomu, "weka kidole hapa mama", naye anaweka! Hilo ndilo linaloniuma.

Nataka niandae ukurasa mmoja tu wa kusoma kwa sauti: barua ya chifu, kufungua kesi, ile miezi sita ya kungoja kabla ya kugawa mali. Je, nianze na haki zake au na hatua za mahakamani? Na neno "msimamizi wa mirathi", yaani anayepewa idhini na mahakama kusimamia mali ya marehemu, nilielezeeje asidhani ndiye mwenye mali? Mliowahi kufundisha wanakijiji, hasa Nyando na Siaya, tafadhali nisaidieni.